Jirani Aliyekataa Kufunga

Kutoka Taveta hadi Holili ni dakika chache kwa bodaboda, lakini katikati ya mwaka 2020, wakati wa korona, ilikuwa kama kutoka msibani kwenda harusini. Ikifika saa tatu usiku, upande wa Kenya kafyu ishaanza: milango ya maduka imeshushwa, bodaboda wanakimbizana na dakika za mwisho kabla askari hawajatokea. Upande wa Tanzania muda huohuo ndiyo kwanza muziki unaongezwa sauti na mchoma nyama anageuza mishikaki. Shangazi yangu anaishi Taveta, anauza ndizi sokoni. Jioni moja ya mwezi Juni alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya harakaharaka, kisha akauliza: "Mwanangu, huko kwenu ugonjwa umeisha kweli, au mmeamua tu uishe?"

Nilicheka, nikakwepa. Lakini swali lake limenikaa kichwani kuliko mengi niliyosikia wataalamu wakiulizana, kwa sababu lilikuwa swali la jirani. Hakuuliza kirusi kinaeneaje wala barakoa inazuia kiasi gani. Alikuwa anachungulia ua wa pili na kujiuliza, kama hawa wanacheza muziki, sisi tunafungiwa kwa nini?

Tukisimulia miezi ile tumezoea kuigawa kwa nchi. Rwanda ilifunga mapema, Uganda ikafunga zaidi, Kenya ikafunga nusu, Tanzania ikakataa, Burundi ikaendelea na uchaguzi wake. Kila rais anabebeshwa sifa au lawama yake, na hadithi inaishia hapo. Mimi naiona hadithi hiyo ina kasoro kubwa, maana inajifanya kana kwamba kila Ikulu ilikaa peke yake na madaktari wake ikaamua. Hakuna iliyoamua peke yake. Na ukitaka kujua ni serikali gani ya ukanda huu iliyobadilisha sera za wenzake kuliko zote, usiitafute kati ya zilizofunga. Ni ile iliyokataa kufunga.

Turudi Machi 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13, Rwanda tarehe 14, Tanzania tarehe 16, abiria aliyeshuka Uwanja wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Tarehe 15 Uhuru Kenyatta alitangaza kufunga shule. Tarehe 16 shule za Rwanda zikafungwa. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa za Tanzania. Tarehe 18 Yoweri Museveni naye akatangaza za kwake zifungwe, wakati Uganda haikuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Siku nne, serikali nne, kama watu wanaopokezana ndoo za maji.

Hakuna hesabu ya kidaktari inayoweza kueleza mfululizo huo. Maambukizi hayakuwa yamefikia kiwango kimoja Kigali, Nairobi, Dodoma na Kampala ndani ya wiki moja. Kilichofikia kiwango kimoja ni hofu ya kuwa wa mwisho. Waswahili tunasema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Methali nzuri, ila haisemi lolote kuhusu kama nywele zako zilikuwa zimefikia kunyolewa.

Wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Watafiti waliochambua nchi za OECD, umoja ambao wengi wake ni nchi tajiri, katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2020, walikuta kwamba kilichotabiri vizuri lini serikali ingefunga shule au kuzuia mikusanyiko ni idadi ya nchi za ukanda wake zilizokwisha kufanya hivyo. Idadi ya wagonjwa wake yenyewe, vitanda vyake vya hospitali, umri wa watu wake, vyote hivyo vilisema kidogo kuliko jirani. Kusini mwa bara letu kuna mfano ulio wazi zaidi. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Cyril Ramaphosa alipotangaza tarehe 23 Machi kwamba watu watafungiwa ndani, Lesotho ilifuata kabla mwezi haujaisha. Mgonjwa wake wa kwanza alithibitishwa tarehe 13 Mei.

Siwacheki Lesotho. Nchi ambayo chakula chake, mafuta yake na mishahara ya wachimbaji wake vinapita kwenye mlango wa mtu mwingine haina uhuru mkubwa wa kuchagua, mlango ukifungwa umefungwa. Ninachosema ni kwamba walichoiga watawala wakati ule kilikuwa ni wakati wa kuchukua hatua, bila sababu ya hatua yenyewe. Na kisiasa kuna mantiki ndani yake. Ukifunga pamoja na wenzako ikaonekana mmekosea, mmekosea wote, nani atakuuliza? Ukiacha kufunga peke yako ikaonekana umekosea, maiti zote ni zako.

Ndiyo maana hatua ya Rais wa Tanzania, John Magufuli, ilikuwa nzito kuliko wengi wanavyokumbuka. Watu wanakumbuka papai na mbuzi, ile hotuba ya Chato ya tarehe 3 Mei aliyosema sampuli za vitu hivyo zilipelekwa maabara kwa siri na zikaonekana zina korona. Ni rahisi kuicheka hotuba ile. Lakini tazama alivyokuwa akiwazungumzia majirani. Alisema waziwazi kwamba uchumi usilale, watu walime, kwa sababu nchi zilizowafungia watu wake ndani zitakuja kununua chakula kwetu. Hapo alikuwa amezisoma sera za wenzake kama mfanyabiashara anavyosoma duka la jirani lililofungwa, na uamuzi wa kutofuata alioufanya ulikuwa jibu kwao kama vile ule wa kufuata ulivyokuwa kwa Museveni.

Na kuiga aliiga pia, isipokuwa alichagua jirani wa kumwiga. Mwezi huohuo wa Mei ndege ya serikali iliruka hadi Madagascar na Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, kwenda kuchukua dawa ya mitishamba iliyokuwa ikinadiwa na Rais Andry Rajoelina. Bahari nzima ilivukwa kutafuta mwenzi wa mawazo, huku ng'ambo ya Namanga, mpakani na Kenya, hakuna anayeongea na mwenzake.

Jambo lililobadilisha ukanda mzima, hata hivyo, lilikuwa la kimya zaidi. Tarehe 29 Aprili Tanzania Bara ilitoa takwimu zake kwa mara ya mwisho, hesabu ya taifa ikiwa wagonjwa 480. Baada ya nyongeza ya Zanzibar siku chache mbele, hesabu ya taifa ilisimama kwenye 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Kukataa kufunga kunaweza kutetewa. Sweden ilikataa kufunga kwa namna majirani zake walivyofunga, na mpaka leo watu wanabishana kwa heshima kuhusu Sweden, kwa sababu Sweden ilihesabu wagonjwa wake na maiti zake kila siku na kila mtu akaona. Usipohesabu, jirani hana cha kubishana nacho. Anabaki na ubashiri wake, na hakuna jirani anayebashiri kwa huruma.

Wiki mbili baada ya takwimu kukatika, mipaka yote ya Tanzania ilibadilika sura. Zambia iliifunga Nakonde mnamo tarehe 11 Mei, baada ya mji huo mdogo ulio pua kwa pua na Tunduma kukutwa na wagonjwa wengi kwa mkupuo mmoja. Rwanda iliwataka madereva wakabidhi malori pale mpakani Rusumo kwa madereva wa Kirwanda wayaendeshe hadi ndani. Wazo linapendeza ukiwa ofisini, ila mwambie dereva yeyote wa semi amkabidhi mtu asiyemjua gari la bosi wake na mzigo juu, uone atakavyokutazama. Madereva waligoma, serikali zikaketi, utaratibu ukalegezwa. Jumamosi ya tarehe 16 Mei Uhuru Kenyatta alitangaza kuifunga mipaka ya Kenya na Tanzania na Somalia kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, na kila dereva apimwe. Sababu aliyoitoa ilikuwa na namba. Wagonjwa 43 wa wiki ile walitokana na mwingiliano wa mipakani, wakiwamo wa Kajiado na Migori walioambukizwa kutoka upande wa Tanzania, na wa Wajir kutoka Somalia.

Jumamosi ni siku ya soko Taveta. Jumatano na Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, akina mama wa Holili, Himo na hata Moshi wanavuka na viroba vyao vya vitunguu na maharage, wanarudi na walichopata. Kuanzia wiki iliyofuata wavukaji wa halali wakaisha na njia za panya zikajaa. Shangazi aliniambia bei ya vitunguu ilipanda, na wale waliokuwa wakivuka getini wakipimwa joto sasa walikuwa wakivuka mashambani bila kupimwa chochote. Sijui waliopanga walikusudia hivyo.

Angalia basi kilichotokea. Machi, serikali hizi zilikuwa zikipambana na viwanja vya ndege, na abiria wa Dubai, London na Ubelgiji. Mei, adui akawa dereva wa lori. Uganda ambayo ilikuwa imefuta usafiri wa umma, imezuia magari binafsi na kuwafungia watu ndani, ilijikuta karibu kila siku inasoma majibu yaleyale: wagonjwa wapya ni madereva, Malaba, Busia, Mutukula, Elegu. Sera za ndani zilikuwa zishafanywa ngumu kadiri zilivyoweza. Kilichobaki kukazwa ni mpaka, na mpaka ulikazwa kwa sababu ya jirani. Nchi iliyosema haitafungia watu wake ndani iliwafanya wenzake wawafungie watu wake nje.

Ugomvi wa Namanga wa Mei ile unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake yamo yote. Dereva Mtanzania anafika, Kenya inampima, anaambiwa ana korona, anarudishwa. Akirudi Arusha anapimwa tena, anaambiwa hana. Mkuu wa Mkoa wa Arusha wa wakati huo, Mrisho Gambo, akadai hadharani kwamba hizo ni hujuma dhidi ya utalii wa Tanzania. Huko Tanga nako malori ya Kenya yakazuiwa Horohoro. Mtu mmoja, pua moja, meza mbili, majibu mawili, na kila serikali inaamini meza yake. Kipimo kilikuwa kimegeuka kuwa kama pasipoti: hakisemi sana wewe ni mzima au mgonjwa, kinasema wewe ni wa nani.

Marais walizungumza kwa simu. Tarehe 22 Mei mawaziri wa uchukuzi, Isack Kamwelwe na James Macharia, wakakutana palepale Namanga na kukubaliana kwamba kila nchi itawapima madereva wake kabla ya safari na kuwapa cheti. Cheti cha siku 14. Kwenye karatasi mambo yakaisha.

Barabarani yakaanza. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170, safari ya siku tatu au nne mambo yakiwa shwari. Mwaka ule foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Dereva anapima Mombasa, anasubiri majibu, anaondoka, anafika kwenye mkia wa foleni, analala chini ya trela siku ya kwanza, ya pili, ya tano, anapikia kwenye jiko la mkaa pembeni ya tairi, wenyeji wanampita kando kama mwenye ukoma kwa sababu redio imewaambia madereva ndio wanaoleta ugonjwa. Akifika kwenye dirisha la mpakani cheti kimeshatimiza siku 13. Akishusha mzigo Kigali au Juba na kugeuza, kimekufa. Apime upya wapi, kwa hela ya nani, na akae wapi akisubiri? Hiyo ndiyo sera iliyotengenezwa na majirani wasioaminiana. Kila mmoja peke yake ana hoja, ukiziunganisha haziendi.

Na sera ya namna hiyo huzaa mambo ya ajabu. Mwezi huohuo wa Mei Museveni aliagiza madereva wa kigeni waliokutwa na ugonjwa wasihesabiwe tena kwenye idadi ya Uganda. Hesabu ya taifa ikashuka ghafla kwa siku moja, bila mgonjwa kupona. Kisheria unaweza kuelewa, si raia, wengine walisharudishwa kwao. Lakini kwao hawakuhesabiwa pia. Dereva wa Kitanzania aliyekutwa na ugonjwa Mutukula mwezi ule hakuwamo kwenye hesabu ya nchi yoyote duniani. Kikohozi kilikuwa chake, takwimu hazikuwa za mtu.

Naliona tukio hilo kama ushahidi mzuri kuliko wote kwamba takwimu za korona zilikuwa zimegeuka jedwali la ligi. Kila jioni waziri anasoma namba, na namba hizo wasikilizaji wake wakubwa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa majirani, watalii na wakopeshaji. Kenya ikiwa na wagonjwa wengi kuliko Uganda inaaibika, Uganda ikipanda inatafuta wa kumsukumia, Tanzania ikaona ni heri itoke kwenye ligi kabisa.

Mtu atauliza, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa wapi? Ilikuwa Arusha, kilomita kama mia moja kutoka Namanga. Mkataba wake, ibara ya 118, unazitaka nchi wanachama zichukue hatua za pamoja kudhibiti magonjwa ya mlipuko. Machi 25 mawaziri walikutana kwa video na kukubaliana mambo ya maana kuhusu mizigo na wafanyakazi wa malori. Lakini tarehe 12 Mei, wiki ambayo Nakonde imefungwa na Namanga inachemka, wakuu wa nchi walipoitishwa kikao kwa video chini ya uenyekiti wa Paul Kagame, Tanzania na Burundi hazikuonekana. Waliokuwamo wakakubaliana kuwa na mfumo mmoja wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na mizigo. Mfumo wa kumfuatilia dereva, bila nchi anayotoka dereva. Makao makuu ya jumuiya yako kwenye nchi isiyohudhuria. Sijui kama kuna kejeli nzuri zaidi ya hiyo.

Ya ndege nitayapita haraka maana yalikuwa ya kuoneshana ubabe tu. Mwishoni mwa Julai Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeruhusiwa safari za kimataifa zikianza tena Agosti mosi. Rwanda imo, Uganda imo, Tanzania haimo. Tanzania ikaiondolea Kenya Airways kibali papo hapo, na kabla Agosti haijaisha ikaongeza mashirika mengine matatu ya Kenya. Katikati ya Septemba Kenya ikaingiza Tanzania kwenye orodha, Tanzania ikaondoa marufuku. Katika wiki zote hizo hakuna takwimu mpya hata moja iliyotolewa Dodoma. Kenya ilibadili sera yake ya afya bila taarifa mpya ya afya. Mwaka mmoja tu nyuma, Julai 2019, Magufuli alikuwa amemkaribisha Uhuru kijijini kwake Chato na kumzawadia tausi wanne. Urafiki ulikuwepo, na nadhani ndio uliozuia mambo yasiharibike zaidi. Simu moja ilifanya kazi ambayo ibara ya 118 haikuifanya.

Kuna ushawishi mwingine ambao haukupitia serikalini kabisa. Kuanzia Juni, Kenya na Uganda, mtu akilalamikia kafyu mfano wake ulikuwa mmoja: mbona Tanzania wanacheza mpira, wanafunzi wa vyuo wamerudi, baa ziko wazi, na hatuoni maiti barabarani? Serikali inaweza kumjibu mpinzani wa ndani. Kumjibu jirani anayekula mishikaki ni vigumu zaidi. Siwezi kuthibitisha kwamba Uhuru aliondoa vizuizi vya Nairobi na Mombasa tarehe 6 Julai kwa sababu ya maneno hayo, uchumi wake wenyewe ulikuwa ukimbana. Ninachoamini ni kwamba kila siku ya ziada ya kufungia watu iligharimu zaidi kisiasa kwa sababu ya Holili. Sera ya kufunga inakaa pale tu watu wanapoamini hakuna njia nyingine. Jirani aliye wazi ni njia nyingine, tena inayoonekana kwa macho.

Wapo wanaosema kwa hiyo Magufuli alishinda. Wapo wanaosema aliua. Mabishano haya huwa siyafurahii, kwa sababu pande zote mbili zinatumia hesabu ambayo haipo. Waliozikwa usiku, waliotangazwa wamekufa kwa "changamoto ya kupumua", hakuna aliyewaandika wote mahali pamoja. Ukiniuliza gharama kubwa ya kutohesabu ilikuwa nini, nitakwambia ni kwamba tulipoteza hata haki ya kujitetea mbele ya jirani.

Na kutoka kwenye kufunga kulikuwa tofauti kabisa na kuingia. Waliingia pamoja ndani ya siku nne, wakatoka kila mtu kivyake. Tanzania ilifungua shule zote mwishoni mwa Juni 2020. Uganda, ambayo ilitangaza kuzifunga siku moja tu baada ya tangazo la Tanzania, ilizifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na wanafunzi karibu milioni 15 walikuwa wamepoteza masomo kwa karibu miaka miwili. Hofu ya kuwa wa mwisho kufunga iliwasukuma. Hofu ya kuwa wa mwisho kufungua, kwa sababu nisizozielewa vizuri, haikumsukuma mtu kwa nguvu ileile. Labda kwa kuwa mtoto aliyeacha shule akaolewa au akaenda kuchimba mchanga haingii kwenye taarifa ya saa mbili usiku.

Shinikizo la majirani halikuzigeuza Burundi na Tanzania. Vilizigeuza vifo. Burundi iliwafukuza wataalamu wa Shirika la Afya Duniani katikati ya Mei 2020, ikapiga kura tarehe 20, na Rais Pierre Nkurunziza akafariki tarehe 8 Juni. Evariste Ndayishimiye alipoapishwa hakumaliza mwezi kabla ya kuitangaza korona kuwa adui mkubwa na kuagiza bei ya sabuni ipunguzwe. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Mwezi uliofuata Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, Mei alikuwa Nairobi akihutubia Bunge la Kenya, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya kamera. Ukitaka kujua serikali ilikuwa inamsikiliza nani, tazama katika ziara hiyo rais mpya alikwenda kumtuliza nani.

Kinachoniudhi katika yote haya ni kwamba tulishawahi kufanya vizuri. Juni 2019 mtoto kutoka Congo aliyekuwa na Ebola alivuka na familia yake kuingia Kasese. Uganda ilitangaza mara moja, Congo ikatoa majina ya waliokuwa karibu na familia ile, wagonjwa wakarudishwa kwa makubaliano, na mpaka wa Mpondwe haukufungwa. Ugonjwa haukusambaa ndani ya Uganda. Tofauti kati ya Mpondwe ya 2019 na Namanga ya 2020 haikuwa maabara. Ilikuwa ni mtu wa upande mmoja kumwambia wa upande wa pili jina la aliyeugua, na yule wa pili kuamini.

Tabia haijaisha. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipotaja tetesi za ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, kwanza serikali ilisema sampuli hazikuonesha kitu. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia alisimama Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros Ghebreyesus, na kuthibitisha mgonjwa mmoja Biharamulo. Siku zile chache kati ya kukana na kukubali, Rwanda, Burundi na Uganda zilikuwa zinafanya kazi ileile ya kubashiri. Lakini ni siku chache. Kwa korona ilikuwa zaidi ya mwaka.

Na Taveta nayo imepata zamu yake. Jumatano ya tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa homa ya nyani, msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya, aliyegunduliwa kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, pale Taveta. Kenya ilisema ni nani amepatikana, wapi, ametoka wapi na anakwenda wapi, na mpaka haukufungwa. Nilimpigia shangazi kumuuliza kama wamesikia. Alikuwa sokoni, kelele tupu. Akasema wamesikia, kuna vijana getini wanatazama watu mikono. Kisha akaniuliza vitunguu huku kwetu ni bei gani, maana vya leo wamama wa Himo wamevileta vibichi sana.